Umeambiwa jino ling'olewe: mwongozo wa kabla, kitini na siku za kupona

Maswali ni yale yale. Nile kwanza au niende na njaa? Itauma? Mbona damu bado inatoka? Kuna kitu cheupe ndani ya tundu, ni usaha? Nimeona niyajibu kwa mpangilio utakaokutana nao, tangu kabla ya miadi hadi fizi itakapofunga.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Jino likitoka, tundu lake hujaa damu, na damu hiyo huganda. Bonge hilo ndilo linaloziba mishipa na kufunika mfupa ulio wazi, na ndiko nyama mpya huanzia kuota. Karibu kila sharti lililomo humu ni la kulilinda libaki mahali pake. Na kwa ninavyoona, wanaolitoa si wazembe. Ni wenye bidii: wanasukutua, wanatema, wanachungulia kwenye kioo kwa tochi ya simu, wanapitisha ulimi kila dakika. Siku ya kwanza kidonda hiki kinataka kuachwa.

Ninazungumzia jino la mtu mzima linalong'olewa na daktari wa meno kwa ganzi ya sindano. Kama fizi itapasuliwa au utalazwa usingizi, hatua ni hizi hizi, ila utapewa masharti ya ziada, na hayo ndiyo yatangulie.

Vya kuweka tayari nyumbani

Viandae kabla hujatoka. Ukirudi na mdomo uliokufa ganzi na pamba katikati ya meno, hutakuwa na hamu ya kuzunguka madukani.

- Gozi safi, kile kitambaa chepesi cheupe cha hospitali. Utapewa kliniki, omba za ziada.
- Dawa ya maumivu: parasetamoli, na ibuprofeni kama hujakatazwa.
- Chumvi ya mezani. Hii ni ya kesho, si ya leo.
- Barafu, na kitambaa cha kuifungia.
- Mswaki wa nywele laini.
- Chakula laini kilichokwisha pikwa: uji, supu, viazi vya kuponda, mayai.
- Mto wa pili, na foronya ambayo hutaisikitikia ikipata doa.

Kabla ya miadi na kwenye kiti

1. Mweleze daktari dawa zako zote na maradhi yako yote. Usisubiri aulize. Andika kwenye karatasi au beba vikasha vyenyewe. Yanayobadilisha mpango ni haya:

Dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama warfarini, klopidogreli na asprini ya kila siku. Usiziache kwa uamuzi wako. Kosa hili ni la kawaida na ni la hatari: damu ya fizini inazuilika kwa gozi na nyuzi, bali bonge likikwama kwenye ubongo au moyo ni habari nyingine. Anayemeza warfarini ataombwa kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) cha karibuni, ikiwezekana cha ndani ya saa 24, au 72 kwa yule ambaye kipimo chake hakiyumbi. Kwa kawaida kikiwa chini ya 4 jino hung'olewa bila kusimamisha dawa.

Dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti, asidi ya zoledroniki na denosumabu. Watu husahau kuzitaja kwa sababu hawaoni zinahusianaje na meno. Zinahusiana sana: mfupa wa taya unaweza kushindwa kupona baada ya jino kutoka. Zitaje hata kama uliziacha miaka iliyopita.

Kisukari, presha, vali ya bandia ya moyo, ugonjwa wa kutokwa damu, mionzi iliyowahi kupigwa kichwani au shingoni, mimba, na mzio wowote, hasa wa penisilini. Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi, ale na atumie dawa zake kama kawaida. Mwenye presha asiruke dozi ya siku hiyo. Kipimo kikikutwa kiko juu sana, utaambiwa urudi siku nyingine.

2. Kula. Kwa ganzi ya sindano, pata mlo wa kawaida saa moja au mbili kabla, kisha piga mswaki vizuri. Wanaozimia kitini mara nyingi ni waliokuja na njaa wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Njaa ni ya wanaolazwa usingizi peke yao: hao kwa kawaida huacha chakula saa 6 kabla, na lazima wawe na mtu wa kuwarudisha nyumbani.

3. Ukikaa kwenye kiti, jua utakachokisikia. Sindano inachoma kwa sekunde kadhaa. Kisha unasubiri mdomo ufe, na daktari anajaribu kwa kugusa fizi kwa kitu chenye ncha. Hapo sema ukweli. Ukisikia makali, sema, uongezewe, usijikaze. Palipo na jipu ganzi hushika kwa shida, ndiyo maana wakati mwingine unapewa dawa kwanza ya kutuliza uvimbe au jipu linatobolewa usaha utoke.

Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia taya linasukumwa kwa nguvu, na jino linayumbishwa huku na huku ili tundu lipanuke. Unaweza pia kusikia mlio wa kukatika, mkubwa kuliko ulivyotarajia kwa sababu unapita ndani ya mfupa hadi sikioni. Mlio huo hauna maana kwamba taya limevunjika. Pengine ni jino lenyewe limegawanyika, na mizizi itatolewa mmoja mmoja. Kubalianeni mapema kwamba ukiinua mkono wa kushoto, anasimama.

Kabla hujashuka, uliza maswali mawili: nimeshonwa nyuzi, na kama ndiyo, zinayeyuka zenyewe au nirudi zitolewe? Je, kwa gego la juu, kuna tundu lolote lililofunguka kuelekea kwenye uwazi ulio kando ya pua? Majibu yake utayahitaji chini huko.

Saa 24 za kwanza

4. Uma gozi. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, kwa hiyo isome taratibu. Gozi ikunjwe mpaka iwe nene, ukubwa wa kidole gumba hivi, ikae juu ya tundu lenyewe. Ikikaa kando, meno ya jirani yatagusana na gozi haitakandamiza kitu; utakuwa umeuma hewa. Uma kwa nguvu ya wastani, bila kuachia, kwa dakika 30 hadi 60. Usizungumze. Usiitafune. Usiitoe kila dakika tano kuangalia, maana kila ukiivuta unabandua bonge lililoanza kushika.

Muda ukiisha, ilowanishe kidogo pembeni kwa maji kabla ya kuitoa kama imenata. Utaona mate yenye rangi ya waridi. Hayo ni mate yaliyochanganyika na damu kidogo, na tone moja la damu linatosha kupaka rangi kinywa kizima. Yameze. Najua haipendezi, lakini kutema kunavuta bonge.

5. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Ganzi hukaa saa 2 hadi 4 hivi, wakati mwingine zaidi kwenye taya la chini. Ukisubiri maumivu yafike ndipo umeze, utayakimbiza jioni nzima. Mtu mzima wa kilo zaidi ya 50 anaweza kumeza parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, inaweza kwenda pamoja nayo. Mbili hizi zikiunganishwa hutuliza kuliko kila moja peke yake. Ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, mjamzito, wala anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Angalia pia vidonge vya mafua: vingi vina parasetamoli ndani, na ndivyo watu wanavyozidisha bila kujua.

Asprini usiitumie kutuliza maumivu haya, kwa sababu huchelewesha damu kukata. (Kama unaimeza kila siku kwa amri ya daktari wa moyo, endelea nayo kama ulivyoelekezwa.) Wala usiisage ukaiweka kwenye fizi. Inaunguza nyama ikawa nyeupe, na sasa una vidonda viwili.

6. Usile mpaka mdomo uamke. Mdomo uliokufa ganzi haujui kama unatafunwa wala kama chai ni ya moto. Ganzi ikiisha, anza na chakula laini cha baridi au vuguvugu, upande wa pili. Kunywa kwa kikombe, si kwa mrija.

7. Acha hivi vitu kabisa kwa saa 24: kusukutua, kutema kwa nguvu, mrija, pombe, vinywaji vya moto, kuinua mizigo, mazoezi na kuinama muda mrefu. Kidole na ulimi vikae mbali na tundu. Ukipiga mswaki usiku, piga meno mengine, kisha acha maji yadondoke yenyewe sinkini badala ya kuyatema.

Sigara nimeitenga makusudi. Kwa mvutaji, saa 24 hazitoshi. Saa 72 ndiyo kima cha chini, na wiki nzima ni bora. Ule mvuto unanyonya bonge, na moshi wenyewe unabana mishipa ya damu inayotakiwa kulisha kidonda. Shisha na sigara za kielektroniki ni mle mle.

8. Barafu leo, siyo keshokutwa. Ifunge kwenye kitambaa, iweke shavuni kwa nje, dakika 15 kisha pumzisha dakika 15, ukiwa macho. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

9. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Ukikuta foronya ina madoa ya waridi asubuhi, badilisha foronya uendelee na siku yako.

Kuanzia siku ya pili

10. Sasa chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu. Chukua maji mdomoni, inamisha kichwa upande wa tundu, yaache yakae hapo nusu dakika, geuza kichwa upande wa pili, kisha fungua mdomo yadondoke. Unayaogesha tu, hakuna haja ya kuyazungusha kwa kishindo. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala, mara nne hadi sita kwa siku, kwa wiki moja. Ukiongeza chumvi zaidi hutapona haraka zaidi, utachoma tu fizi.

11. Rudisha mswaki taratibu. Meno jirani na tundu yanahitaji kusafishwa, tena hasa hayo, kwa sababu uchafu unaokusanyika pale ndio unaoleta harufu. Tumia mswaki laini, na usiguse kidonda chenyewe.

12. Panda ngazi ya chakula siku hadi siku. Siku ya pili na ya tatu laini, kisha vinavyotafunika kirahisi. Vyenye punje na vinavyovunjika vikali, kama bisi, karanga na chipsi kavu, visubiri wiki moja au zaidi. Punje ikizama kwenye tundu haitoki kirahisi, na ndiyo inayomfanya mtu achukue kijiti. Usichukue kijiti. Ogesha kwa maji ya chumvi mpaka itoke.

13. Jua kidonda kinachopona kinafananaje. Hapa ndipo hofu nyingi huanzia. Uvimbe hauishii siku ya kwanza. Huongezeka na kufika kileleni kati ya saa 48 na 72, halafu unashuka. Shavu linaweza kupata rangi ya kijani au manjano. Ndani ya tundu, kati ya siku ya pili na ya nne, bonge jekundu hufunikwa na utando mweupe au wa manjano hafifu. Ndiyo kile watu wanachokiita usaha. Siyo. Usaha unatiririka, una ladha mbaya, na unakuja na uvimbe unaozidi. Utando huu umeshika, hausogei, na haukuongezei maumivu. Ni nyama mpya inayoanza. Usiukwangue.

Maumivu ya kawaida yana mwelekeo mmoja: leo ni nafuu kuliko jana. Andika hilo kichwani, maana ndilo kipimo chako. Fizi hufunga kwa wiki mbili hadi nne, gego huchukua muda kuliko jino la mbele, na mfupa chini yake huendelea kujaa kwa miezi kadhaa. Nyuzi zinazoyeyuka hulegea ndani ya wiki moja au mbili, na ukikuta kipande cha uzi mdomoni hakuna kilichoharibika.

Mambo yakienda kombo

*Damu imerudi.* Kaa wima. Futa mabonge yaliyotuna nje ya tundu kwa gozi safi, kunja nyingine iliyolowanishwa kidogo, uma dakika 30 kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Huna gozi? Kifuko cha majani ya chai, kilicholowekwa kikapoa, hufanya kazi nzuri, kwa sababu chai ina tanini inayosaidia mishipa kubana. Ukirudia mara mbili na damu nyekundu bado inajaza mdomo, nenda kliniki au hospitali, hata kama ni usiku.

*Nilikuwa nimepata nafuu, siku ya tatu maumivu yamerudi mara mbili.* Hilo karibu kila mara ni tundu lililopoteza bonge lake, mfupa ukabaki wazi. Maumivu yanapiga hadi sikioni, mdomo unanuka, vidonge havifui dafu, na ukiangalia unaona shimo tupu lenye mfupa wa rangi ya kijivu au nyeupe. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, hasa ya mwisho, kwa wavutaji na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Usinunue antibayotiki, kwa kawaida hazisaidii hapa, kwa kuwa tatizo ni mfupa ulio wazi, si maambukizi. Rudi kwa daktari. Ataosha tundu na kuweka dawa ndani yake, na wengi huondoka kitini wakiwa tayari na unafuu. Ni kero, ila haiharibu taya.

*Mdomo haufunguki vizuri.* Misuli ya taya imechoka au imechomwa na sindano. Baada ya siku mbili weka kitambaa cha joto shavuni na ufungue mdomo taratibu mara kadhaa kwa siku. Huachia ndani ya wiki moja au mbili.

*Kuna kitu kikali kinachomoza kwenye fizi.* Ukidhani umeachiwa jino, mara nyingi ni kipande kidogo cha mfupa kinachojisukuma nje, wiki kadhaa baadaye. Vingi hudondoka vyenyewe. Kikikukera, daktari hukitoa kwa dakika moja.

*Nikinywa maji yanatokea puani.* Hii ni kwa magego ya juu, ambayo mizizi yake hukaribia uwazi ulio kando ya pua. Usipenge kamasi, na ukipiga chafya iache itoke kupitia mdomo wazi. Mpigie daktari siku hiyo hiyo. Matundu madogo hufunga yenyewe, makubwa hushonwa.

*Siku mbili zimepita, mdomo wa chini bado umekufa ganzi.* Neva ya taya la chini imeguswa. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi, lakini daktari anahitaji kujua mapema ili apime eneo lenyewe na kufuatilia.

*Nimeandikiwa metronidazo.* Hiyo ni antibayotiki. Pombe usiiguse mpaka umalize dozi, na saa 48 baada ya hapo. Kama hukuandikiwa antibayotiki yoyote, hukusahauliwa. Jino lililotoka bila maambukizi kwa mtu mwenye afya kwa kawaida haliihitaji.

Sasa haya ya mwisho hayasubiri asubuhi: homa inayopanda na uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, uvimbe unaoteremka shingoni au kufunga jicho, ulimi unaoinuka, kushindwa kumeza mate, au pumzi kuwa nzito. Nenda idara ya dharura, usiende kliniki ya meno. Maambukizi chini ya taya yanaweza kubana njia ya hewa ndani ya saa chache.

Na lile pengo? Kama ni gego la mwisho, liache. Kama ni jino jingine, ulizia mapema kuhusu jino la kuvaa, daraja au jino la kupandikizwa, kwa sababu meno ya kando huanza kulala kuelekea pengo na lile la juu yake hushuka. Kwa kupandikiza, madaktari wengi husubiri mfupa ujae, kati ya miezi 3 na 6, na katika muda huo unaweza kuvaa la muda la kuvua na kuvaa.